KARL FERDINAND BRAUN: MWALIMU ALIYEUFANYA UMEME UONEKANE KWA MACHO

Askari aliyepata kukaa zamu mbele ya mtambo wa rada, afisa wa polisi aliyesoma taarifa kwenye kioo cha kompyuta, na mwananchi aliyetazama habari za jioni katika televisheni, wote watatu wamekula matunda ya kazi ya mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika nchi zetu. Mtu huyo ni Profesa Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Alifariki dunia mwaka 1918, kabla ya rada, kabla ya kompyuta na kabla ya televisheni kuingia katika nyumba za watu. Maisha yake yanastahili kusomwa na kila mwenye dhamana ya ulinzi, kwa kuwa chombo alichokitoa bure kwa walimwengu ndicho kilichokuja kuwa jicho la majeshi, na hati alizozipigania mahakamani ndizo zilizompeleka kufia ugenini.

KUZALIWA NA MASOMO

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni, 1850, katika mji wa Fulda. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali wa cheo cha kawaida, mwenye watoto wengi na mshahara wa kiasi. Baada ya masomo ya sekondari mjini Fulda, kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akahamia Berlin, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1872 kwa uchunguzi juu ya mitetemo ya nyuzi.

Udaktari huo haukumpatia kiti cha uprofesa mara moja. Ilimbidi afanye mtihani wa ualimu, na mwaka 1874 alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Mchana alisomesha vijana; saa zilizobaki alizitumia kwa majaribio yake.

Katika majaribio hayo aligusisha ncha ya waya kwenye vipande vya madini, kama vile galena, ambayo ni mchanganyiko wa risasi na salfa. Aliona jambo lililopingana na kanuni zilizojulikana wakati ule. Umeme ulipita kwa urahisi ukielekea upande mmoja, lakini ulipogeuzwa ulipita kwa shida. Jiwe lile lilikuwa kama kizuizi cha barabarani chenye askari anayeruhusu magari ya upande mmoja na kuyasimamisha ya upande wa pili. Braun aliandika matokeo hayo mwaka 1874. Wataalamu wengi waliyatilia shaka, na hakuna aliyejua yangefaa kazi gani. Tutarudi kwenye jiwe hilo mwishoni.

NELI YA MWAKA 1897

Kutoka Leipzig alipanda ngazi kwa mwendo wa subira: Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen, hadi mwaka 1895 alipokabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Fizikia ya Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyolibakiza jina lake.

Tatizo lililomkabili lilikuwa hili. Miji ya Ulaya ilikuwa imeanza kutumia umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde. Wahandisi walitaka kujua mageuzi hayo yanavyokwenda, lakini vipimo vya siku zile vilikuwa na mishale ya chuma. Mshale wa chuma una uzito. Kabla haujaondoka mahali pake, umeme umekwisha geuka mara kadhaa. Ilitakiwa mshale usio na uzito.

Braun aliupata mshale huo ndani ya neli ya kioo iliyoondolewa hewa. Fundi stadi wa vioo, Franz Müller wa mji wa Bonn, ndiye aliyeitengeneza. Katika ncha moja ya neli kulikuwa na kathodi, yaani kipande cha metali chenye umeme hasi. Umeme wa nguvu kubwa ulipowashwa, kathodi ilitoa miale inayokwenda moja kwa moja. Miale hiyo ilipitishwa kwenye tundu dogo ili ibaki mwale mmoja mwembamba. Katika ncha ya pili palikuwa na bamba lililopakwa madini yanayong'aa yakipigwa na miale. Mwale ulipofika hapo, ilionekana nukta ndogo ya mwanga.

Siri ilikuwa shingoni mwa neli. Braun aliweka hapo koili ya waya, na umeme uliotakiwa kuchunguzwa ukapitishwa ndani ya koili hiyo. Umeme katika koili huzaa nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo iliusukuma mwale juu na chini kwa kufuata kila badiliko la umeme. Nukta ilipanda na kushuka kwa haraka hata ikaonekana kama mstari wa wima. Braun akautazama mstari huo katika kioo cha kujitazama kinachozunguka, na mstari ukatandazika ukawa wimbi. Umeme ulikuwa umejichora wenyewe. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa Februari 1897. Miaka miwili baadaye msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza njia ya kuuvuta mwale pia kutoka upande hadi upande, na wimbi likaonekana kwenye bamba lenyewe pasipo kioo cha kuzunguka.

Wasomaji watambue jambo moja hapa. Braun hakuichukulia neli hiyo hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe bila malipo. Aliieleza wazi katika jarida la wataalamu, na kila aliyetaka aliitengeneza.

SIMU YA UPEPO

Mwaka uliofuata Braun aligeukia simu ya upepo. Wakati huo Guglielmo Marconi wa Italia alikwisha kuonyesha kwamba habari zinaweza kurushwa bila waya, lakini umbali ulikuwa mfupi. Cheche ya umeme ilitolewa ndani ya waya wa antena wenyewe, na kuongeza nguvu kwa njia hiyo kulikuwa na mpaka. Braun aliitenga cheche na antena. Aliiweka katika mzunguko wake wa pekee wenye akiba ya umeme, kisha akaipeleka nguvu kwenye antena kwa njia ya koili mbili zilizokaribiana bila kugusana. Kwa mpango huo nguvu iliongezeka, na mitambo iliweza kulenganishwa vizuri zaidi na wimbi moja. Mwaka 1900 mitambo yake iliunganisha Cuxhaven, pwani ya Ujerumani, na kisiwa cha Helgoland, umbali wa kilometa zipatazo 60 juu ya bahari.

Kwa kazi hii alichukua hataza, na kampuni ziliundwa. Mwaka 1903 mitambo ya kundi lake na ya washindani wao wa Kijerumani iliunganishwa ikawa kampuni ya Telefunken. Mwaka 1905 alijaribu pia antena tatu zilizowashwa kwa kupishana kidogo, ili wimbi liende upande unaotakiwa pasipo kugeuza mlingoti. Rada nyingi za kisasa hulenga kwa kanuni hiyohiyo. Mwaka 1909 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa watu wawili kwa pamoja: Marconi na Braun.

SAFARI ISIYO NA MAREJEO

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kila upande ulitambua thamani ya mawasiliano. Tarehe 5 Agosti, 1914, Waingereza walikata nyaya za simu za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Siku tatu baadaye manowari yao Astraea ilifyatua mizinga Dar es Salaam, ikilenga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kwa Ujerumani, mlango mkubwa wa mawasiliano na Marekani ukabaki kuwa kituo cha simu ya upepo cha Sayville, karibu na New York, kilichojengwa kwa mitambo ya Telefunken. Kampuni ya Marconi ilikishitaki kituo hicho mbele ya mahakama za Marekani, ikidai kwamba hataza zake zimevunjwa. Kama mashitaka yangefaulu, kituo kingefungwa.

Braun alikuwa na umri wa miaka 64 na afya yake ilikuwa dhaifu. Hata hivyo mwishoni mwa 1914 alikubali kuvuka Atlantiki pamoja na Zenneck kwenda kutoa ushahidi, huku manowari za Uingereza zikipekua meli njiani. Kesi haikwenda kwa haraka. Mwaka 1915 Italia iliingia vitani na Marconi akarudi kwao. Mwaka huohuo Jeshi la Wanamaji la Marekani likakichukua kituo cha Sayville chini ya usimamizi wake. Sababu ya safari ilikuwa imekwisha, lakini njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Aprili 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Zenneck, aliyekuwa afisa wa akiba, aliwekwa kizuizini. Mzee Braun aliachwa aishi Brooklyn kwa mwanawe, akiwa raia wa nchi adui, mbali na maabara yake. Alifariki huko tarehe 20 Aprili, 1918, akiwa na umri wa miaka 67. Miezi saba baadaye vita vilikwisha, na Strasbourg ikarudi Ufaransa. Majivu ya mwili wake yalisafirishwa mwaka 1921 hadi Fulda, mji aliozaliwa.

JICHO LA MAJESHI

Hataza zilizopiganiwa mahakamani zilipitwa na wakati upesi, kwa sababu mitambo ya cheche iliachwa. Neli isiyo na hataza ndiyo iliyoendelea kuishi. Tangu 1906 Max Dieckmann, mwanafunzi wa Braun, alikwisha itumia kuchora picha nyepesi kutoka mbali. Mwaka 1926 Kenjiro Takayanagi wa Japani alionyesha herufi moja ya Kijapani kwenye neli hiyo, na hadi leo Wajapani huiita kwa jina la Braun. Televisheni ikafuata: mwale huchora mistari ya mwanga kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, kwa kasi ambayo jicho huona picha moja kamili.

Kwa upande wa ulinzi, neli ilifanya kazi kubwa zaidi ndani ya rada. Mtambo hutuma mshindo wa redio, na wakati huohuo nukta huanza safari yake kwenye kioo. Mwangwi ukirudi kutoka kwa ndege, nukta huruka na kufanya jino. Wimbi la redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Ndege iliyo umbali wa kilometa 150 hurudisha mwangwi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna saa ya mkononi inayoweza kupima muda huo, lakini mshale usio na uzito huupima. Mwaka 1940 Waingereza waliyaona makundi ya ndege za Ujerumani kwa njia hiyo kabla hayajavuka bahari.

Hata hivyo kioo hakitoi amri. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba, 1941, askari wawili wa Marekani kwenye kituo cha rada cha Opana, kisiwani Oahu, waliona mwangwi mkubwa usio wa kawaida, umbali wa zaidi ya kilometa 200. Walitoa taarifa. Afisa aliyepokea alidhani ni ndege zao wenyewe zilizotarajiwa kuwasili, akawaambia wasijali. Muda mfupi kabla ya saa mbili mabomu yalianza kuanguka Pearl Harbor. Chombo cha Braun kilikuwa kimefanya kazi yake, na walinzi nao wamefanya yao. Upungufu ulikuwa katika fikra ya aliyepokea taarifa.

KIOO CHA KOMPYUTA

Tarehe 21 Juni, 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, kompyuta ndogo ya majaribio ilitekeleza programu iliyohifadhiwa ndani yake. Hesabu zilihifadhiwa kama alama za umeme ndani ya neli za aina ya Braun, na jibu lilisomwa kama nukta za mwanga kwenye neli nyingine. Kuanzia 1958 mtambo wa ulinzi wa anga wa Marekani ulioitwa SAGE uliwakalisha askari mbele ya vioo vya mviringo. Waliielekezea nukta ya ndege kifaa chenye umbo la bastola, na kompyuta ikatambua wanayoiulizia. Vioo vya maofisini vya miaka iliyofuata vilikuwa na neli hiyohiyo.

Mwanzoni mwa karne hii neli ilianza kuviachia nafasi vioo bapa. Vingi kati ya hivyo havina mwale wala ombwe. Taa huwaka kwa nyuma, na mbele yake kuna vipande vidogo sana vya kimiminika maalumu vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga kama vibao vya dirisha. Kila kibao huamriwa na swichi ndogo mno iliyotengenezwa kwa nusu-kipitishi, yaani kitu kinachoruhusu umeme kwa masharti. Hapo ndipo tunaporudi kwenye jiwe la Leipzig: galena ni nusu-kipitishi, na mwalimu Braun alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonyesha tabia za vitu hivyo, mwaka 1874.

Kwa hiyo neli yake imestaafu, lakini kazi ya mkono wake haijaondoka kwenye meza zetu za zamu. Alitaka tu kuuona umeme unavyokwenda. Waliokuja baada yake wakaona kwa chombo hicho ndege zilizo nyuma ya mawingu. Anayekaa mbele ya kioo usiku wa leo amerithi jicho hilo, na wajibu wa kuamini na kuripoti kile anachokiona.