Askofu Mkuu Randall Davidson na Baraza la Malodi

Katika kurasa hizi tumezoea kueleza maisha ya watu wa Kanisa waliotembea kwa miguu katika nchi zetu, wakalala katika nyumba za udongo na kuugua homa pamoja na watu wetu. Safari hii tunamleta mtu wa namna nyingine. Hakuvuka mto Kilombero kwa mtumbwi, wala hakulijua jina la Katindiuka. Kazi yake ilikuwa London, katika baraza ambalo hakuna mwananchi aliyepiga kura kumpeleka. Hata hivyo mambo ya Afrika ya Mashariki yalifika mbele yake zaidi ya mara moja, na maisha yake yanatupa swali ambalo hata sisi katika Halmashauri ya Parishi hatulikwepi: je, mtu ambaye hakuchaguliwa na watu aweza kusema kwa ajili yao?

Randall Thomas Davidson alizaliwa Edinburgh, Uskochi, tarehe 7 Aprili 1848. Wazazi wake walikuwa wa Kanisa la Kipresbiteri. Alipokuwa kijana wa miaka 18, wakati wa kuwinda, bunduki ya mwenzake ilifyatuka kwa bahati mbaya, naye akapigwa nyongani. Wengi walidhani hataishi. Akapona, lakini alibaki na maumivu maisha yake yote. Alisoma Oxford, akapewa ukasisi, na mwaka 1877 akawa mwandishi na kasisi wa nyumbani wa Askofu Mkuu Tait wa Canterbury. Mwaka uliofuata alimwoa Edith, binti wa Askofu Mkuu huyo. Hawakujaliwa watoto.

Malkia Victoria alimpenda kwa busara yake, akawa Mkuu wa Kanisa la Windsor mwaka 1883 akiwa na miaka 35 tu. Akawa Askofu wa Rochester mwaka 1891, wa Winchester mwaka 1895, na mwaka 1903 Askofu Mkuu wa Canterbury. Kiti hicho alikikalia miaka 25.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili. La chini, Baraza la Makabwela, huchaguliwa kwa kura. La juu, Baraza la Malodi, halichaguliwi. Siku zile wengi wa wajumbe wake walikuwa wameurithi uanachama kutoka kwa baba zao, kama mtu anavyorithi shamba. Wengine walipewa ulodi na Mfalme kwa shauri la Waziri Mkuu. Tena walikuwamo maaskofu 26, ambao waliketi kwa sababu ya uaskofu wao, na Davidson alikuwa mkubwa wao.

Mwaka 1909 serikali ilileta bajeti ya kuwatoza kodi zaidi matajiri na wenye ardhi, ili zipatikane fedha za manowari na za malipo ya wazee. Malodi wakaikataa kwa kura 350 dhidi ya 75. Ilikuwa desturi ya miaka mingi kwamba Malodi hawakatai bajeti, kwa hiyo nchi nzima ikatikisika. Davidson hakupiga kura, kwa kuwa aliona si vema Kanisa liingie katika ugomvi wa vyama. Uchaguzi ukafanyika mara mbili mwaka 1910. Ndipo serikali ikaleta sheria ya kuwapunguzia Malodi nguvu, na Mfalme George wa Tano akakubali kwamba wakiikataa, atawafanya watu mamia kuwa Malodi wapya ili sheria ipite.

Kura ilipigwa tarehe 10 Agosti 1911, katika siku za joto kali ambalo London haikulizoea. Davidson alikuja akiwa ameazimia kukaa kimya tena. Lakini alisikiliza jinsi baadhi ya wakubwa walivyozungumza juu ya hatari ile ya nchi, kana kwamba ni mchezo. Moyo ukamgeuka. Akasimama na kusema wazi kwamba ataiunga mkono sheria. Maaskofu 13 waliipigia kura. Matokeo yakawa 131 kwa 114. Wasomaji watahesabu wenyewe: tofauti ni kura 17, na kama maaskofu wale 13 wangepiga upande wa pili, sheria ingeanguka. Tangu siku ile Malodi hawakuweza tena kuzuia sheria za fedha, na nyingine waliweza kuzichelewesha miaka miwili tu. Wengi waliokuwa rafiki zake walimkasirikia sana.

Baada ya miaka miwili fitina ilitoka kwetu. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta umoja. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskochi, na watu wasio wa Anglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki yeye na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Davidson kwa kuharibu imani. Magazeti ya Uingereza yalijaa habari hiyo. Davidson hakuwahukumu kama wazushi. Jibu lake la mwaka 1915 lilikuwa la kati: wageni wa madhehebu mengine waweza kukaribishwa mezani kwa nafasi maalumu, lakini ibada kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Pande zote mbili zilinung'unika.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuingia. Wazee wetu walieleza jinsi vilivyopita bonde hili kuelekea Mahenge mwaka 1917, na jinsi wapagazi walivyochukuliwa na pande zote. Mwaka huo huo wa 1917 Davidson alisimama katika Baraza la Malodi akipinga mpango wa kuwapiga mabomu raia wa Ujerumani kwa kulipiza kisasi. Watu waliofiwa na wana wao hawakupenda kusikia neno hilo. Aliyechaguliwa kwa kura huenda angeogopa kulisema. Yeye hakuwa na kura ya kupoteza.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Mwezi wa Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey huko Kenya ilitoa waraka wa kuwaagiza maofisa na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Himizo la mkuu wa wilaya kwa chifu, na la chifu kwa mtu wake, kila mmoja wetu anajua ni amri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Waskochi, walilalamika, lakini walikubali kwamba kulazimisha kwaweza kuruhusiwa kukiwa na masharti. Askofu Weston alisema hapana: kumlazimisha mtu amfanyie kazi tajiri ni utumwa. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali juu ya jambo hilo, akaenda London.

Mwezi wa Julai 1920 habari hiyo ililetwa katika Baraza la Malodi. Waziri wa Makoloni, Lodi Milner, alikuwa mjumbe wa baraza hilo hilo, hivyo ilimpasa ajibu. Desemba alipelekewa waraka wa kupinga, uliotayarishwa na J. H. Oldham wa vyama vya misioni, na jina la Davidson lilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Septemba 1921 waziri mpya, Winston Churchill, akaamuru maofisa wa serikali wasiwatafutie watu binafsi vibarua tena. Kazi ya lazima ya serikali yenyewe haikuondolewa, kwa hiyo tusiseme haki yote ilipatikana. Lakini mlango mmoja ulifungwa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika habari ile yote hakukuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi mahali penye uamuzi. Kenya, mwaka 1924, mtu wa kwanza kuteuliwa kuwasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Dakta Arthur yule yule, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Baraza la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 na Waafrika wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945. Tunamshukuru aliyetusemea, lakini kusemewa si sawa na kusema.

Wala tusidhani Baraza la Malodi lilikuwa la watakatifu. Siku za Waziri Mkuu Lloyd George ulodi na vyeo vingine viliuzwa kwa fedha kwa faida ya chama. Mwezi wa Juni 1922 Joseph Robinson, tajiri wa migodi wa Afrika Kusini, ambaye mahakama ilikwisha kumwona na hatia ya kuwadanganya wenye hisa, alitajwa kuwa Lodi. Malodi wenyewe wakapiga kelele, naye akalazimika kukataa. Sheria ya kuzuia biashara hiyo ilipitishwa mwaka 1925.

Jaribu kubwa la Davidson lilikuja uzeeni. Kanisa lilitengeneza Kitabu cha Sala kipya kwa kazi ya miaka zaidi ya ishirini. Desemba 1927 Malodi walikikubali kwa kura 241 dhidi ya 88. Kikapelekwa kwa Makabwela, nao wakakikataa kwa kura 238 dhidi ya 205. Kikasahihishwa, na Juni 1928 kikakataliwa tena. Yule aliyesaidia mwaka 1911 kulipa baraza lililochaguliwa nguvu ya mwisho, sasa baraza hilo hilo liliivunja kazi yake mbele ya macho yake. Hakuwatukana. Mwezi wa Novemba alijiuzulu, Askofu Mkuu wa Canterbury wa kwanza kuondoka kwa hiari yake. Mfalme akampa ulodi wa kudumu, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, ulodi huo ulikwisha pamoja naye alipofariki tarehe 25 Mei 1930. Amezikwa Canterbury.

Tangu hapo Baraza la Malodi limebadilishwa. Mwaka 1999 wengi wa waliorithi viti waliondolewa. Sisi nasi tunao wabunge wa kuteuliwa na Rais, wasiozidi kumi, na katika parishi tunao wanaoingia Halmashauri kwa cheo, siyo kwa kura. Tusiwadharau, wala tusiwaache bila kuwauliza. Aliyepewa kiti asichokiomba kwa watu ana deni kubwa kuliko aliyechaguliwa: asiyemwogopa mpiga kura hana budi kumwogopa Mungu zaidi. Basi kikao kijacho, kila mmoja wetu mwenye kiti cha namna hiyo atazame kwanza ni nani hayupo chumbani, halafu aseme. Na ikiwezekana, mwakani amwachie nafasi aje aseme mwenyewe.