Sewa Haji: Tajiri wa Bagamoyo Aliyewaachia Wagonjwa Kodi za Nyumba Zake

Ndugu wana-Bagamoyo, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mgonjwa wa kwetu akipewa rufaa kwenda Muhimbili, mara nyingi habari inayorudi nyumbani ni kwamba amelazwa Sewahaji. Wengi tumepanda ngazi za jengo hilo na vyombo vya chakula mkononi, bila kujua kwamba jina lile limetoka hapa hapa kwetu. Katika kijarida cha harambee ya mwaka huu tumeona tumkumbuke mwenye jina hilo, kwa kuwa alilolifanya linahusu moja kwa moja jambo tunalokuja kuwaomba.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Waismailia yenye asili ya Kutch, India. Baba yake alikuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo. Kijana Sewa aliingia katika biashara hiyo mapema, wakati mji wetu ulikuwa mlango wa bara. Misafara ilianzia hapa kwenda Tabora na Ujiji ikiwa na merikani, kaniki, shanga na waya za shaba, na ilirudi na pembe za ndovu. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha mizigo yao katika mji huu kila mwaka. Sewa Haji aliwauzia wenye misafara bidhaa, na pia aliwatafutia wapagazi wa kuzibeba.

Hatutamfanya malaika. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo kujiandaa kumtafuta Dk. Livingstone, alipata wapagazi kupitia kwa Sewa Haji, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia sana, akamwita mjanja na mdanganyifu wa hesabu. Stanley naye alikuwa mtu wa maneno makali, lakini jambo moja halina ubishi: utajiri wa Sewa Haji ulipita mabegani mwa wapagazi. Watu hao walitembea miezi mingi kwa malipo ya vitambaa, na wapo walioachwa njiani kwa ndui, kuhara na njaa. Waliofika pwani wakiwa wagonjwa hawakuwa na pa kwenda.

Miaka ya 1890 Sewa Haji, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani hii, alianza kutoa. Bagamoyo alitoa jengo la shule. Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala, na yeye aliwakabidhi jengo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Leo sharti hilo laweza kuonekana dogo. Wakati ule, na kwa miaka zaidi ya sitini baadaye, shule za nchi hii ziliendelea kugawanywa kwa rangi. Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Wazungu walifunguliwa hospitali yao ya Ocean Road.

Hadi hapo Sewa Haji anafanana na matajiri wengi wema: kajenga, jina lake likawekwa. Kinachomtofautisha ni wasia wake. Alifariki Februari 1897, hata miaka 50 hajatimiza. Nyumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviacha mikononi mwa serikali, ili mapato yake yatumike kuwalisha wagonjwa wa hospitali ile na watu wenye ukoma.

Tulitazame vizuri jambo hilo. Mfanyabiashara huyu alijua kwamba ukuta haumlishi mgonjwa. Hospitali inahitaji unga, mchele, mafuta ya taa na dawa kila siku, hata mwaka ambao hakuna mfadhili anayepita. Kwa hiyo hakuacha fungu la fedha la kutumika likaisha. Aliacha nyumba zenye wapangaji: nyumba inabaki, kodi inakula mgonjwa. Wazee wetu wa pwani wanalifahamu jambo hili kwa jina la wakfu, na Waislamu wanaijua sadaka ambayo thawabu yake haikatiki mtoaji akishafariki.

Angalieni na yaliyofuata. Tangu mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalikuwa yamehamia Dar es Salaam. Reli ya Kati ilianza kujengwa huko mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na misafara ikafa. Biashara iliyomtajirisha Sewa Haji haipo tena. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja. Hospitali yake iliendelea kuhudumia watu hadi ilipojengwa kubwa zaidi, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ndiyo Muhimbili. Huduma iliishi kuliko duka, na kuliko tawala mbili.

Sasa tujitazame sisi. Kila mwaka tunafanya harambee. Tunaezeka darasa, tunachimba kisima, tunanunua vitanda vya zahanati, tunapiga picha. Mwaka unaofuata pampu imekufa, na hakuna senti ya kununua kipuri. Vikundi vyetu vya kujitolea, vya akina mama wanaowatembelea wagonjwa na vya vijana wanaosafisha ufukwe, vinaanza kwa moyo na kuchoka kwa kukosa nauli. Tatizo si uchoyo, maana watu wetu wanatoa. Tunachotoa tunakitumia chote, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba kila mchango ugawanywe mafungu mawili. Fungu moja lifanye kazi ya mwaka huu. La pili liingie katika mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi, na faida yake tu ndiyo ihudumie visima, zahanati na vikundi vyetu. Hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu kila mwaka, kwa kuwa sharti lisilo na mtu wa kulisimamia hufa pamoja na aliyeliweka. Mwenye kiwanja au chumba cha kupangisha anaweza kukitoa kwa njia hiyo hiyo.

Hatuna matajiri wa pembe za ndovu, lakini tuko wengi. Tutoe, ndugu zetu, na tutoe kwa namna ambayo wajukuu wetu watakuta kitu.