Fundi wa Kericho aliyewapiku wenye viwanda kwa gari kuukuu

Kama umekulia Kibomet pale Kitale, au upande wa Bungoma, lazima unalijua gari moja lililokufa. Huenda ni Peugeot 404 ya babu, au ile 504 iliyobeba abiria enzi hizo, au Datsun ya mjomba aliyeshuka Nairobi akisema atarudi kuliunda. Liko uani, limewekewa mawe chini ya ekseli, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kila mvua ikinyesha kutoka Mlima Elgon, kutu inapanda hatua nyingine.

Na pengine ni wewe uliyeanza kulifungua. Baada ya kidato cha nne ulikuwa kijana wa mkono gereji, spana namba kumi na namba kumi na nne ukizitofautisha hata gizani. Halafu ukapata kazi ya M-Pesa, au ya ofisi, ukanawa mikono ukaenda zako. Sasa miaka imesonga, una mshahara kidogo, na roho inakurudisha uani. Lakini unaona haya. Watu watasema nini, karani mzima amelala chini ya mkweche Jumapili?

Ngoja nikusimulie habari za Joginder Singh. Wengi wenu mlikuwa bado mnajifunza kusoma alipofariki, na wakati huo hata wazazi wenu walikuwa wameshaanza kumsahau. Ila muulize mzee yeyote wa Bonde la Ufa aliyewahi kusimama kando ya barabara wakati wa Pasaka akisubiri Safari Rally ipite. Atakuambia.

Joginder alizaliwa Kericho, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na kijana alipoacha shule aliingia gereji ya baba kushika spana. Hakuna ajabu hapo. Kalasinga, kama watu wa huku wanavyowaita Masingasinga, walikuwa mafundi wa kila kitu, kuanzia reli na vinu hadi seremala. Kijana wa Kalasinga kuwa fundi ilikuwa kama kijana wa Trans Nzoia kujua mahindi. Kericho nayo ni mji kama Kitale: mvua nyingi, udongo unaoteleza, barabara za mashambani zinazokula springi. Gari likikushinda huko, hakuna wa kumpigia simu.

Baadaye akaacha gereji. Alipata kazi na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka akiwatafuta na kuwasaidia wanachama waliokwama. Leo unakuta bomba la maji limepasuka, kesho plagi zimelowa, keshokutwa mtu ameishiwa petroli na anaapa kuwa ni kabureta. Unatengeneza kwa vifaa ulivyo navyo, papo hapo, mwenye gari akikusimamia kichwani.

Mimi naona kazi hiyo ilimfunza kuliko gereji yoyote, na hilo ni wazo langu tu. Gereji gari linakuja kwako limeshavutwa. Barabarani unalikuta pale pale lilipofia, unaona shimo lililolivunja na mlima uliolichemsha. Ukifanya hivyo kwa muda, unaanza kujua gari litavunjika wapi kabla halijavunjika.

Mwaka 1958 akaingia mashindano ya magari kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 26. Najua kuna msomaji wa miaka 24 anayeamini ameshachelewa maishani, kwa hiyo narudia: miaka 26. Mwaka uliofuata, 1959, akaanza Safari yake ya kwanza.

Safari ya wakati ule haikuwa ya leo, ambapo barabara hufungwa na madereva hushindana kwa vipande vifupi. Ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilikuwa inakata Kenya, Uganda na Tanganyika kwa siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, maelfu ya kilomita, kwenye barabara zile zile za lori, ng'ombe na baiskeli. Unapewa muda wa kufika kituo fulani. Ukichelewa dakika, dakika hizo zinaandikwa dhidi yako. Mwenye chache mwishoni ndiye mshindi, yaani kama gari lake bado lina magurudumu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, na tena yakamaliza saba. Joginder alikuwa miongoni mwa saba hao mara zote mbili.

Sasa tuje kwa gari.

Wewe unayependa zile sinema za mbio utakuwa unawaza gari la Kimarekani lenye V8, boneti refu, mngurumo wa kuamsha mtaa. Hata hayo yalikuja. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Safari kikosi cha Mercury Comet za V8, na pesa za kampuni nyuma yao. Zilikuwa na nguvu, hilo hakuna anayebisha. Lakini matope hayajali nguvu, na kwenye mashimo uzito unakugeuka. Nyingi hazikufika. Mshindi mwaka huo akawa Peter Hughes, dereva wa hapa hapa, na Ford Cortina GT, gari dogo ambalo leo ungeliita la mama wa kwenda sokoni.

Mwaka huo huo Volvo ya Sweden nayo ilituma timu ya kiwanda na magari ya aina ya PV544. Safari ikawashinda. Timu ikarudi Ulaya, na mojawapo ya magari hayo yaliyokwisha pigwa na Safari ya 1964 likabaki huku. Joginder akalichukua, limetumika hivyo hivyo.

Tuseme ukweli kuhusu PV544: ilikuwa ya kizamani hata siku ile. Umbo lake lilichorwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na gari mama, PV444, lilionyeshwa Stockholm mwaka 1944. Mgongo wa mviringo kama kobe, milango miwili, paji la uso la magari ya Kimarekani ya miaka ya arobaini lakini lililopunguzwa kipimo. Kijana wa mjini mwaka 1965 angelicheka. Lakini fundi huangalia chini. Bodi na chesisi vilikuwa kitu kimoja, vigumu kupinda. Injini ya B18 ilikuwa ya silinda nne, lita 1.8, na krenki yake ilishikwa na beringi kuu tano. Kwa injini ndogo ya wakati ule, hizo ni nyingi, na ndiyo maana ilivumilia kuteswa kwa saa nyingi bila kupasuka. Madereva wa Ulaya walishalijua. Tom Trana alilishindia mashindano ya RAC kule Uingereza mwaka 1963 na tena 1964.

Kwa hiyo Joginder hakuokota takataka. Hapo ndipo wengi tunapokosea tunapopenda gari la zamani. Tunapenda rangi, tunapenda jina, tunapenda picha tutakayopiga. Yeye alichagua mifupa. Gari lilikuwa limechoka, lakini lilichoka mahali panapotengenezeka. Kama lile la kwenu lina injini iliyokwama na bodi nzima, una kazi. Kama kutu imekula sakafu hadi unaona majani, rafiki yangu, huyo ni marehemu, usidanganywe na mtu wa kuchomelea.

Akalitayarisha na ndugu yake Jaswant, ambaye ndiye angekaa kiti cha pembeni kusoma njia. Hawakuwa na kiwanda nyuma yao. Na kutayarisha gari la Safari si kuliongezea mwendo, kama wengi wanavyodhani. Ni kukaza. Kila nati unailaza kisha unaiangalia tena, kila paipu ya breki unaipitisha mahali jiwe halitaipata, chini unaweka bamba la chuma kulinda sampu, spea unazifunga zisiruke. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri. Mtu wa doria, aliyekwisha ona paipu zilizokatwa na sampu zilizotobolewa, hahitaji kuambiwa kwa nini.

Pasaka ya 1965 ikafika, na ndugu hawa wawili wakapata namba moja ya kuondokea. Wapo waliosema baadaye kwamba ushindi ulitokana na bahati hiyo. Kuna ukweli fulani. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na anayakuta matope kabla hayajachimbwa na magari mengine. Lakini yeye pia ndiye wa kwanza kuukuta mto umejaa, bila alama ya tairi ya kumwonyesha pa kupita. Namba moja inakusaidia tu kama unajua kusoma barabara ambayo bado haijaandikwa. Na bahati ya namba haikazi nati.

Walishinda, tena kwa zaidi ya saa nzima mbele ya gari la pili. Fikiria hilo: unafika, unazima injini, unakunywa chai, unavua viatu, na wa pili bado yuko njiani.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Kenya ilikuwa huru kwa mwaka mmoja na miezi tu. Safari ilikuwa imeshindwa na Wazungu kila mwaka tangu 1953, wengi wao walowezi. Sasa juu ya boneti alisimama mwenye kilemba, mtoto wa fundi kutoka Kericho, aliyewahi kulipwa kuwatengenezea wengine magari yao yaliyozimika njiani. Ulaya wakamwita Sikh Arukaye. Hapa nyumbani akaitwa Simba wa Kenya.

Mwaka huo huo wa 1965, mwezi Oktoba, Volvo iliacha kabisa kuunda PV544. Gari lilishinda Safari likiwa tayari linaaga.

Ungedhani baada ya hapo maisha yangekuwa mteremko. Hapana. Alikaa miaka tisa bila kushinda tena Safari. Alimaliza, alikaribia, akabadilisha magari, Datsun, Ford, akaenda hadi mbio za London kwenda Sydney mwaka 1968. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuichukua Safari, na wengi wakaona kwamba enzi ya fundi wa nyumbani imekwisha, kwamba sasa ni pesa na ndege za spea.

Mwaka 1974 Joginder akatokea na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, David Doig kiti cha pembeni. Kumbuka kwamba wakati ule jina la Mitsubishi halikumtisha mtu kwenye mashindano. Waliokuwa wakitishia ni Porsche, na ya Björn Waldegård ilikuwa kali kweli. Mvua ikanyesha, barabara ikawa uji. Porsche ikamaliza ya pili. Lancer ndogo ikamaliza ya kwanza, na kijana wa Kericho alikuwa na miaka 42. Mwaka 1976 akarudia, na safari hii Lancer zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ushindi wa tatu. Hakuna dereva aliyekuwa amefikisha tatu kabla yake.

Hesabu yote ya Safari zake ni hii: alianza 22, akamaliza 19. Mimi ushindi mitatu ninaupenda, lakini hii 19 ndiyo inayoniacha mdomo wazi. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine gari kumi na moja kati ya kila kumi na mbili zilikuwa zinaachwa porini, huyu alikuwa anarudi nyumbani karibu kila mara. Hakuwa anaendesha tu. Alikuwa anasikiliza. Sauti ya beringi inayoanza kulia, klachi inayoanza kuteleza, harufu ya mpira unaoungua. Alishasikia hizo zote akiwa kijana wa mkono kwa baba yake, kisha akazisikia tena barabarani kwenye magari ya watu.

Safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1980, akiwa na miaka 48. Miaka ya uzeeni aliishi Uingereza, na alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Sasa turudi Kibomet. Lile gari bado liko? Usianze na rangi, na usinunue betri kwanza. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, acha usiku mzima, kesho ujaribu kuzungusha injini kwa mkono, polepole. Na wahamishe kuku. Ikiwa ni Jumamosi nenda asubuhi, maana Kitale saa tisa hivi mvua itakukuta chini ya gari.