Akii-Bua: Mchunga ng'ombe aliyebadili mbio, akaishangaza Munich

BARIADI, Maswa, Meatu, Itilima, Busega. Kokote utakakopita mkoani Simiyu jioni, picha ni ileile. Ng'ombe wanarudi zizini, vumbi limetanda, na dogo aliyewachunga tangu asubuhi anatupa fimbo pembeni na kuingia uwanjani pekupeku. Anapiga chenga, anaruka mguu wa beki, anakimbia mpaka giza liingie.

Shida inaanza kipaji chake kikionekana. Mwalimu wa michezo anamtaka kwenye riadha, kocha wa mtaani anamtaka kwenye soka, na nyumbani wanachotaka ni ng'ombe warudi wote. Kila mmoja anaamini dogo akigusa kitu kingine, basi amepotea. Maisha ya John Akii-Bua wa Uganda yanaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 huko Abako, Lango, kaskazini mwa Uganda, nchi ya wafugaji kama ilivyo Usukumani. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Ukikulia kwenye boma la namna hiyo, ushindani unauanzia nyumbani. Kaka yake mmoja, Lawrence Ogwang, alifika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 kwenye kuruka chini na miruko mitatu.

Baba alipofariki, shule ikakatika. Kijana akachunga ng'ombe, akafanya kazi ya baa, kisha akajiunga na Polisi Kampala. Huko ndiko nyota yake ilikowaka. Ndani ya jeshi hilo alikuwepo Jerom Ochana, mkimbiaji wa viunzi aliyekwenda Olimpiki ya 1964, na huyo ndiye aliyemshika mkono.

Ochana hakuwa mtu wa mchezo mchezo. Aliweka fito juu ya kiunzi, ukiruka juu kupita kiasi inakugonga paji la uso. Akii-Bua alitoka damu mara kadhaa mpaka akaelewa somo: kiunzi hakirukwi kama ua la miiba, kinapitwa chini chini, bila kupoteza muda hewani.

Alianza na mita 110, zenye viunzi 10 vya sentimita 106.7 kila kimoja. Kwa ukanda huu alikuwa moto, lakini tiketi ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliikosa. Wengi wangeishia hapo. Kocha Mwingereza aliyekuwa Uganda wakati huo, Malcolm Arnold, akaja na wazo lingine. Akamhamishia mita 400 viunzi, mbio ambazo wakimbiaji wenyewe wanaziogopa kwa jinsi zinavyotesa.

Hapa ndipo penye kiini cha stori yote. Kuhama mchezo kuna vitu unavyobeba na vitu unavyovikuta vipya. Mashabiki wa soka wanamjua Zlatan Ibrahimović, ambaye taekwondo ya utotoni ilimsaidia kuinua mguu kuufuata mpira mahali ambapo beki anatumia kichwa. Alichobeba Akii-Bua ni mruko. Viunzi vya mita 400 vina sentimita 91.4 tu, na kwa mtu aliyezoea vya 106.7 hiyo ilikuwa kama kuvuka kizingiti cha mlango.

Kipya kilikuwa pumzi na hesabu ya hatua. Kwenye mita 110, mkimbiaji anapiga hatua tatu kati ya kiunzi na kiunzi na anaruka kwa mguu uleule mwanzo mwisho. Kwenye mita 400, kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Ukichoka hatua zinafupika, idadi yake inaongezeka, na mara unajikuta umefika kwenye kiunzi na mguu usiouzoea. Mwenye mguu mmoja analazimika kubabaika kidogo ili ajipange upya, na wenzake wanapita.

Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Ni kama straika anayefunga kwa miguu yote, beki hajui amzibie upande gani. Pumzi nayo aliitafuta kwa jasho, akipanda vilima na kuruka viunzi akiwa amevaa fulana nzito mwilini.

Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, alimaliza wa nne. Mwaka uliofuata akawa na muda bora kuliko wote duniani. Hata hivyo, alipotua Munich mwaka 1972, macho ya watu yalikuwa kwa Mwingereza David Hemery, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Mmarekani Ralph Mann.

Fainali ilikuwa Septemba 2. Akii-Bua akapangiwa mstari wa kwanza, wa ndani kabisa, wenye kona kali ambayo kwa mtu mrefu kama yeye ni mateso. Hemery akaanza kwa kasi. Kona ya mwisho Akii-Bua akamfikia, kisha akaondoka jumla. Saa ikasoma 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann akawa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki, na jamaa akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Baada ya hapo maisha yakageuka. Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba, wakati huohuo utawala wake ukiwaua Walangi wengi, watu wa kabila la Akii-Bua mwenyewe. Mwaka 1976 Uganda, kama Tanzania, ikasusia Olimpiki ya Montreal. Pambano lililosubiriwa kati yake na Mmarekani Edwin Moses halikufanyika. Moses akabeba dhahabu na rekodi ya dunia.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoikaribia Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake, akihofia kuonekana mtu wa Amin. Bingwa wa Olimpiki akaishia kwenye kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomtoa na kumpeleka Ujerumani, akafanya kazi huko. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena mjini Moscow, akakomea nusu fainali.

Alirudi nyumbani akawa kocha, akiwafundisha vijana kile alichofundishwa na Ochana na Arnold. Alifariki Juni 20, 1997 akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Mjini Lira kuna uwanja wenye jina lake. Damu yake nayo iliingia kwenye soka: David Obua, aliyeichezea Uganda Cranes, Kaizer Chiefs na Hearts ya Scotland, ni mtoto wa ndugu yake.

Kwa hiyo kocha wa Bariadi akimpata dogo anayetoka machungani na kuingia moja kwa moja uwanjani, asikimbilie kumwambia achague. Kwanza amwangalie anaruka kwa mguu upi. Akiona ni yote miwili, ajue ana mtu ambaye huenda bado hajaukuta mchezo wake.