Maud Menten

Maud Leonora Menten (1879–1960) alikuwa daktari na mwanabiokemia kutoka Ontario, Kanada. Mwaka 1913, akiwa Berlin pamoja na Leonor Michaelis, alichunguza kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Walitunga mlinganyo unaoonyesha jinsi kasi ya kimeng'enya inavyotegemea wingi wa kitu kinachovunjwa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilimpa uprofesa kamili alipokaribia kustaafu, ucheleweshaji asiostahili.

Mlinganyo huo hutumika kupima dawa zinazozuia vimeng'enya. Mfano ni SP, wanayopewa wajawazito kliniki, Musoma na Bunda kama kwingineko Tanzania, kujikinga na malaria. Pirimethamini iliyomo hugombania nafasi kwenye kimeng'enya ambacho vimelea hukihitaji ili kuzaliana. Kimeng'enya hicho kikibadilika umbo, dawa hukishika kwa shida, na vimelea huwa sugu.