Mchungaji Bodelschwingh na Vipande Vilivyosalia

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa Ujerumani mwaka 1831, katika jamaa ya wakubwa. Katika ujana wake alisimamia shamba kubwa, akawa akiwagawia watoto wa vibarua vijitabu vya misheni. Siku moja akakisoma kimoja mwenyewe, chenye habari za mtoto maskini wa Kichina. Kijitabu kile kidogo kikamgeuza moyo, akaenda kujifunza kazi ya uchungaji.

Mwaka 1858 alikwenda Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliofagia njia za mji ule. Baadaye akawa mchungaji wa kijiji cha Dellwig. Huko, katika Januari 1869, yeye na mkewe Ida wakafiwa na watoto wao wote wanne katika majuma mawili. Twajua jinsi msiba wa namna hii unavyoweza kumfanya mtu kuwa mchungu. Yeye ulimlainisha, akazidi kuwahurumia wenye huzuni.

Mwaka 1872 alikabidhiwa nyumba ya wenye kifafa karibu na Bielefeld, ndiyo Betheli. Hakuwahesabu wagonjwa kuwa mzigo: aliyeweza kulima alipewa jembe, aliyeweza kushona alipewa sindano, kila mtu ajue kwamba anahitajiwa. Mwaka 1882 akawafanyia watu wasio na kazi makao ya Wilhelmsdorf, wapate chakula kwa kazi ya mikono yao, wala si kwa kuombaomba. Na tangu 1890 nguo kuukuu na vyombo vilivyotupwa vilikusanywa Betheli, vikatengenezwa, vikatumika tena. Jambo hili alijifunza katika Injili, pale Bwana wetu alipoamuru vipande vilivyosalia vikusanywe.

Upendo huo ulifika hata kwetu. Watumishi wa Betheli walikuja Usambara. Huko Lutindi walitunzwa watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 wagonjwa wa akili. Mchungaji mwenyewe alilala katika Bwana tarehe 2 Aprili 1910.

Basi, wapendwa, tusingoje kazi kubwa. Labda mtaani mwetu yuko mwenye kifafa ambaye watu hukataa kula naye sahani moja. Tumwite, tumnawishe mikono, tuketi tukale naye. Hapo ndipo Mchungaji yule alipoanzia.