Jérôme Lejeune: Daktari Aliyewatetea Watoto Wake

Katika falsafa tunaulizwa ni nini kinachomfanya mtu kuwa mtu: je, ni akili, ni uwezo wake, au ni ubinadamu wenyewe? Daktari mmoja Mkatoliki wa Ufaransa alilijibu swali hilo kwa maisha yake.

Jérôme Lejeune alizaliwa Montrouge, karibu na Paris, tarehe 13 Juni 1926. Baada ya kusomea udaktari, mwaka 1952 alianza kufanya kazi na Profesa Raymond Turpin, akiwahudumia watoto wenye hali inayoitwa sindromu ya Down. Wakati huo wengi walidhani chanzo chake ni kaswende au ulevi wa wazazi. Hivyo mama alibeba mizigo miwili: kumlea mtoto, na kunyoshewa kidole.

Mwaka 1956 wanasayansi walithibitisha kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Yai na mbegu ya kiume hupaswa kubeba nusu tu, 23 kila moja. Lakini seli inapogawanyika kutengeneza yai au mbegu, mara nyingine jozi moja hushindwa kuachana, na zote mbili huelekea upande mmoja. Mimba ikitungwa hapo, mtoto hupata kromosomu 47. Mara nyingi kosa hilo hutokea katika yai, na uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea. Halitokani na dhambi ya mzazi, wala laana, wala uzembe wa mtu yeyote.

Ugunduzi huo ulitangazwa Januari 1959, ukiwa na majina ya Lejeune, Marthe Gautier na Turpin. Haki inatudai tuseme kwamba Gautier ndiye aliyeanzisha maabara ya kuotesha seli iliyowezesha kazi hiyo, na kwa miaka mingi mchango wake haukupewa uzito uliostahili. Mwaka 1963 Lejeune na wenzake walieleza hali nyingine, inayotokana na kukatika kwa kipande cha kromosomu ya 5, ambayo humfanya mtoto mchanga alie kama paka.

Lejeune alitumaini kwamba kujua chanzo kungefungua njia ya tiba. Badala yake, aliona ujuzi huo ukitumiwa kuwatambua watoto hao wakiwa bado tumboni, ili mimba zao zitolewe. Mwaka 1969, alipopokea tuzo ya William Allan mjini San Francisco, alisimama mbele ya wanajenetiki wenzake akawatetea watoto hao. Kuanzia hapo wengi walimtenga. Hakunyamaza, wala hakuacha kuwapokea wagonjwa wake na kuwaita kwa majina.

Nyumbani alikuwa mume wa Birthe, mzaliwa wa Denmark, na baba wa watoto watano. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alimteua kuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Kipapa ya Maisha, lakini saratani ilikuwa imekwisha kumdhoofisha. Alifariki tarehe 3 Aprili 1994, siku ya Pasaka. Mwaka 1997 Papa alikwenda kusali kaburini pake Chalo-Saint-Mars, na Januari 2021 Kanisa lilitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kishujaa.

Lejeune anatufundisha kutenganisha mambo mawili: kosa lililotokea katika seli, na mtu mwenyewe, ambaye si kosa. Katika parokia zetu wapo wazazi ambao bado wanawaacha watoto wa namna hii nyumbani Jumapili kwa kuogopa macho ya watu. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, pamoja nanyi waamini, tuwatembelee, tuwaeleze ukweli huu kwa lugha nyepesi, na tuwaandalie watoto hao nafasi katika katekesi na mezani pa Bwana.